Chuo kikuu cha Kikristo na deni lake kwa Kasongo

Mwezi Juni 1971 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, waliwakumbuka wenzao waliopigwa risasi na askari tarehe 4 Juni 1969. Serikali ya Mobutu haikuvumilia. Chuo kilifungwa na vijana wakaandikishwa jeshini kwa nguvu. Padre mmoja Mjesuiti, aliyekuwa mlezi wa kiroho wa wanafunzi hao, hakuguswa na amri hiyo. Angeweza kubaki chumbani mwake na vitabu vyake, akawaombea. Badala yake aliomba aandikishwe pamoja nao.

Padre huyo aliitwa Christophe Munzihirwa, mzaliwa wa Walungu, Kivu Kusini, mwaka 1926. Alikuwa amesoma sayansi za jamii Ubelgiji, na angeweza kuishi maisha yake yote katika kazi za chuoni. Mwaka 1986 alitumwa Kasongo, kusini mwa Maniema, kumsaidia Askofu Timothée Pirigisha Mukombe, na mwaka 1990 akashika nafasi yake. Kutoka Kasongo alikwenda kuwa Askofu Mkuu wa Bukavu, na huko aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996, vita vilipoingia mjini.

Munzihirwa hutajwa zaidi kwa kifo chake. Lakini tendo lake la 1971 linawahusu wazazi wa Kasongo na wa Kabambare jirani wanaouza mpunga, mawese au mbuzi ili mtoto asome chuo kikuu, na linawahusu zaidi maaskofu, wachungaji na wakuu wa vyuo wanaozipokea fedha hizo. Linauliza elimu ya juu ya Kikristo ni ya nani, na kiongozi wake anasimama wapi wanafunzi wanapobanwa.

Mji wa Waislamu, shule za mapadre

Kasongo si mji wa kawaida kwa swali kama hili. Katika karne ya 19 ulikuwa makao makubwa ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, na wafanyabiashara wenzake wa pembe na watumwa waliotoka pwani. Aprili 1893 uliangukia mikononi mwa majeshi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji yaliyoongozwa na Francis Dhanis. Mapadre Weupe walifika mwanzoni mwa karne ya 20 na kujenga misheni yao. Utawala wa wafanyabiashara ulikwisha, lakini Kiswahili na Uislamu vilibaki, na hadi leo Maniema ni mojawapo ya sehemu za Kongo zenye Waislamu wengi zaidi.

Shule ilikuja pamoja na ubatizo. Serikali ya kikoloni ilitoa ruzuku kwa shule za misheni za Kikatoliki. Waprotestanti walingoja hadi mwishoni mwa miaka ya 1940 ndipo na wao wakaanza kupata. Waislamu hawakupata chochote. Wazazi wengi wa Kiislamu waliwazuia watoto wao wasiende shule, wakihofia watarudi na dini nyingine. Madhara yake yalidumu vizazi viwili au vitatu: familia zilizokuwa na maandishi ya Kiarabu na Kiswahili nyumbani zilikosa diploma, na bila diploma zilikosa kazi za ofisini. Mwaka 1977 Serikali ilitiana saini na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu mkataba wa kuendesha shule; baadaye Waislamu nao wakawa na shule zao katika mpango huohuo.

Historia hiyo inaweka sharti. Mahali kama Kasongo, chuo kikuu cha Kikristo hakiwezi kuwa chuo cha Wakristo peke yao. Kikifanya hivyo, kitarudia kosa lililowaacha nje watoto wengi wa mtaa.

Seminari ilitangulia

Kabla ya vyuo vikuu, elimu ya juu kwa Mwafrika katika Kongo ya Wabelgiji ilikuwa karibu sawa na seminari. Misheni ya Kasongo ilikuwa chini ya vikariati ya Kongo ya Juu, iliyoongozwa na Askofu Victor Roelens kutoka upande wa Ziwa Tanganyika. Katika vikariati hiyo alisoma Stefano Kaoze, aliyepewa upadre tarehe 21 Julai 1917, padre wa kwanza Mkongomani wa zama hizi. Kaoze alisoma Kilatini na falsafa wakati mtawala wa kizungu alimtaka Mwafrika ajue kusoma barua na kuhesabu magunia tu. Mwaka 1910, akiwa bado mseminari, alichapisha maandishi kwa Kifaransa juu ya fikra za watu wake.

Njia hiyo iliinua watu, lakini ilikuwa nyembamba. Kongo ilipopata uhuru, tarehe 30 Juni 1960, mapadre Wakongomani walikuwa mamia, wakati waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30. Nchi kubwa namna ile ilianza safari bila wahandisi, bila mawakili, karibu bila madaktari wake yenyewe.

Lovanium ilikuwa imefunguliwa mwaka 1954 juu ya kilima cha Amba, Kinshasa, ikiwa binti wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain. Mkuu wake wa kwanza, Monsinyori Luc Gillon, alikuwa padre na mwanafizikia. Mwaka 1959 kiliwashwa hapo kinu cha nyuklia cha utafiti, cha kwanza barani Afrika. Mwaka 1960, katika kitivo chake cha teolojia, mwanafunzi Tharcisse Tshibangu alibishana hadharani na mwalimu wake Alfred Vanneste kama teolojia ya Kiafrika inawezekana. Mjadala ule unasomwa hadi leo. Miaka saba baadaye Tshibangu akawa mkuu wa chuo hichohicho, Mkongomani wa kwanza kukalia kiti hicho.

Waprotestanti nao walifungua Chuo Kikuu Huria cha Kongo mjini Kisangani mwaka 1963. Kisha ikaja Agosti 1971. Serikali ilivitwaa vyuo hivyo viwili pamoja na kile cha Serikali cha Lubumbashi, ikaviunganisha kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Mwaka 1974 vitivo vya teolojia vilitolewa humo kabisa, na makanisa yakavilea yenyewe jijini Kinshasa. Kile cha Kikatoliki kilikua hadi kuwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Kongo. Kile cha Kiprotestanti kikawa Chuo Kikuu cha Kiprotestanti cha Kongo.

Mashariki yajijengea vyuo

Miaka ya 1980 ilipokaribia mwisho, Serikali haikuweza tena kulipa walimu wala kutengeneza mapaa ya vyuo vyake. Mlango ukafunguliwa kwa vyuo vya binafsi, na makanisa ya mashariki hayakungoja Kinshasa.

Goma, makanisa ya Kiprotestanti yalikwisha kuanzisha mwaka 1985 Chuo Kikuu Huria cha Nchi za Maziwa Makuu, kinachojulikana kwa herufi ULPGL. Mwaka 1989 vilizaliwa viwili vya Kikatoliki: Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo. Baadaye, Bukavu, kikafuata cha Kiprotestanti, Chuo Kikuu cha Kiinjili Afrika, yaani UEA. Bunia, shule ya teolojia iliyoanza mwaka 1961 ilipanuka hadi kuwa, mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Shalom, chenye masomo ya maendeleo na mazingira pamoja na Biblia.

Kisa cha Butembo kina funzo la pekee. Askofu Emmanuel Kataliko hakuwa na ruzuku ya Serikali wala chuo cha Ulaya cha kumshika mkono kama Louvain ilivyoshika Lovanium. Alikuwa na wakulima wa kahawa na maharage, wafanyabiashara na wazazi waliochoka kuwapeleka watoto mbali. Chuo kilisimama kwa michango yao, kikafundisha kilimo, tiba na mifugo, mambo ambayo watu wa milima ile wanayaishi kila siku. Mwaka 1997 Kataliko alimrithi Munzihirwa Bukavu. Aliposema wazi juu ya mateso ya raia chini ya utawala wa waasi, alizuiwa kurudi jimboni kwake kuanzia Februari hadi Septemba 2000, na mwezi uliofuata akafariki Roma. Maaskofu hao wawili, mmoja baada ya mwingine, walijenga au kulea elimu ya juu na wakalipa gharama ya kusema ukweli.

Ni kwa ajili ya nini?

Tarehe 15 Agosti 1990 Papa Yohane Paulo wa Pili alitoa waraka unaoitwa *Ex corde Ecclesiae* juu ya vyuo vikuu vya Kikatoliki. Unataka vyuo hivyo vitafute ukweli kwa uhuru, vikutanishe imani na akili, na vitumikie jamii, hasa watu waliosahauliwa. Waprotestanti wana maneno yao, lakini lengo halitofautiani sana. Kazi ni kuyaona mambo haya yakitembea.

Mfano unaoonekana uko Panzi, Bukavu. Hospitali hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1999, ndiyo hospitali ya kufundishia ya UEA. Dokta Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, amewatibu humo maelfu ya wanawake waliobakwa vitani, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Mwanafunzi wa udaktari anayejifunza Panzi hajifunzi upasuaji peke yake. Anajifunza kwamba mgonjwa huyu ana jina, ana kesi ya kupelekwa mahakamani, ana watoto wa kusomesha. Hapo imani na akili vimekutana juu ya kitanda kimoja cha wagonjwa, na mtu hahitaji kuambiwa kwamba chuo hiki ni cha Kikristo.

Kasongo nayo ina ushahidi wake, ingawa si wa kanisa. Kuanzia mwaka 1971 madaktari na watafiti wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, pamoja na wauguzi wa hapahapa, walijaribu namna mpya ya kupanga huduma za afya: vituo vidogo karibu na vijiji, vinavyoshirikiana na hospitali moja ya rufaa. Uchunguzi wao juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo ulichapishwa mwaka 1981 katika *The Lancet*, jarida kubwa la tiba la Uingereza. Mpango wa kanda za afya ambao Kongo yote inautumia leo una mizizi katika kazi ile.

Kwa hiyo haifai kusema kwamba Kasongo ni mbali mno kwa elimu ya juu. Maarifa yaliyosomwa ulimwenguni yalitoka kwa akina mama wa Kasongo waliokubali watoto wao wapimwe na kuhesabiwa. Wasomi wa Ubelgiji waliliona jambo hilo miaka zaidi ya 50 iliyopita. Vyuo vya Kikristo vya Bukavu, Goma na Kinshasa vina sababu nyingi zaidi ya kuliona, kwa kuwa Wakristo wa Maniema ni watu wao pia.

Kiti cha mkuu

Katika chuo cha Kikatoliki askofu ndiye mlezi mkuu, na mara nyingi mkuu wa chuo ni padre. Katika vyuo vya Kiprotestanti, jumuiya zilizokianzisha chuo hukaa katika baraza na kuchagua uongozi. Mpango huu una nguvu, maana unampa mzazi mtu wa kumwendea. Una hatari pia. Mkuu akichaguliwa kwa sababu ya kabila lake, jimbo lake au jumuiya yake, chuo kinakuwa mali ya ukoo. Baraza likijaa watu wasiojua kusoma hesabu za fedha, hakuna anayeuliza minervali, yaani ada ya masomo, imekwenda wapi.

Wanafunzi wa Kongo wanazijua dhambi nyingine za vyuoni, na wanazitaja wazi: alama zinazouzwa kwa fedha au kwa mwili wa msichana, vitabu vya kozi ambavyo asiyenunua hafaulu, mwalimu mgeni anayefika, akafundisha kozi nzima kwa wiki mbili, akaondoka kabla ya maswali kuanza. Msalaba ukutani haufuti hata moja kati ya hizi. Chuo cha Kikristo kinachomlinda mwalimu anayewadai wasichana ili awape alama kimepoteza haki ya kujiita hivyo, na askofu au mwakilishi wa jumuiya anayenyamaza anashiriki dhambi hiyo.

Uongozi mwema hutayarisha pia mrithi. Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, Mukono, kilitokana na chuo cha teolojia cha Askofu Tucker na kikaanza kama chuo kikuu mwaka 1997. Makamu mkuu wake wa kwanza, Stephen Noll, alikuwa Mmarekani; mwaka 2010 alimwachia kiti Mganda, John Senyonyi, aliyekuwa amefanya kazi naye, na kazi iliendelea bila kusimama. Vyuo vya mashariki mwa Kongo vinahitaji makabidhiano ya namna hiyo. Muhula uwe na mwisho unaojulikana, hesabu zisomwe mbele ya walimu na wanafunzi, na mrithi awe ameandaliwa miaka mingi kabla ya siku ya kumkabidhi.

Njia iliyofungika mwaka 2025

Kwa miaka mingi kijana wa Kasongo au Kabambare aliyepata Diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari, na ambaye familia yake ilikuwa na uwezo, alitazama Bukavu. Kindu kuna chuo kikuu cha Serikali, lakini barabara ya kufika huko, zaidi ya kilomita 200, ni matope na madaraja ya miti. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23, na katikati ya Februari Bukavu ikafuata. Benki zilifungwa katika miji hiyo. Mzazi wa Maniema aliyekuwa na mtoto chuoni alijikuta hajui jinsi ya kumtumia ada, na jinsi mtoto mwenyewe atakavyorudi nyumbani.

Wakati huohuo masomo yenyewe yanabadilika. Kongo imeingia katika mfumo wa LMD: miaka mitatu ya licence, miwili ya master, kisha udaktari. Mfumo huo unataka mwanafunzi asome mwenyewe, atafute vitabu, afanye kazi za vitendo. Mahali pasipo na maktaba, umeme wa uhakika wala intaneti nzuri, mfumo umebadilika bila chochote kuongezwa. Wizara ya elimu ya juu imekwisha kufunga vyuo kadhaa visivyo na walimu wala vyumba, na vingine vingi vinaendelea kuchukua fedha za maskini.

Kishawishi cha kila kanisa ni kufungua chuo chake, kutundika kibao na kutafuta wanafunzi. Kusini mwa Maniema jambo hilo litakuwa hasara. Katoliki, Methodisti, Anglikana na Pentekoste wakifungua kila mmoja kitivo cha sheria chenye walimu wawili, wote wanne watatoa mawakili wasiojua sheria. Wangekaa meza moja wakagawana kazi: mmoja akalea wauguzi na wakunga, mwingine kilimo na mifugo, mwingine ualimu, na maktaba ikawa moja kwa wote. Nao Waislamu waitwe mezani hapo tangu siku ya kwanza, wakiwa wanafunzi, walimu na wajumbe wa baraza.

Vyuo vikubwa vina sehemu yao. Kitivo cha tiba kinaweza kuwatuma wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakae miezi kadhaa katika hospitali ya Kasongo na vituo vya Kabambare. Kitivo cha sheria kina kazi tele Salamabila, karibu na machimbo ya dhahabu ya Namoya, ambako wachimbaji wadogo, kampuni na watu wenye silaha wamegombana juu ya ardhi kwa miaka, na raia hawajui haki zao zimeandikwa wapi. Kitivo cha kilimo kinaweza kusoma mpunga na michikichi ya Lualaba. Utafiti unaofanywa huko uandikwe pia kwa Kiswahili, ili mkulima na muuguzi waliohojiwa waweze kuusoma.

Na kuhusu ada, makanisa yana mtandao ambao Serikali haina: parokia na vituo vya ibada hadi kijiji cha mwisho. Kila parokia ikisomesha kijana mmoja kwa mkataba, asome na kisha arudi kufanya kazi miaka kadhaa alikotoka, katika miaka kumi Kabambare itakuwa na wakunga, walimu wa hesabu na wataalamu wa kilimo wa kwake. Mkataba uwe na upande wa pili: mshahara unaolipwa, nyumba ya kukaa, na nafasi ya kuendelea na masomo. Kumwambia kijana arudi kijijini bila hayo ni kumdanganya.

Mwaka 1954 Louvain ilipanda chuo Kinshasa kwa fedha na walimu wa Ulaya. Mwaka 1989 watu wa Butembo walikipanda chao kwa mifuko yao. Kizazi hiki cha maaskofu, wachungaji, maimamu na wazazi wa kusini mwa Maniema kina deni la kufanya sehemu yake, na kinaweza kuanza na jambo moja dogo mwaka huu: kukaa pamoja, kuhesabu vijana wenye diploma walioko nyumbani bila kazi wala masomo, na kuamua nani atamsomesha nani, wapi, na katika fani gani. Mabaraza ya parokia na jumuiya yaliyopo yanatosha kuanzisha kikao hicho. Yakiite.